Viambaza Thelathini na Sita

Indore, 28 Januari 1999

Kwa Bibi Insiyah Rangwala,

Miaka sita hatujasalimiana, na ofisi yako iko ng'ambo ya barabara tu, mkabala na yangu. Nimeona niandike, maana nikikupigia simu utakata.

Umeshasikia, kwa sababu Indore nzima imesikia. Kumudini Kirtane, aliyewapambia nyumba matajiri wa mji huu kwa miaka ishirini na saba, ameteleza ofisini mwake, kwenye sakafu aliyoichagua mwenyewe, akavunja mguu mahali pawili. Cheka. Ukimaliza kucheka, endelea kusoma.

Najua Jumapili unapanda treni kwenda Mumbai kwenye maonyesho ya samani na mapambo. Mimi sijayakosa tangu yaanze, na mwaka huu daktari amesema mguu huu usikanyage chini wiki sita. Najua pia kwamba umealikwa, kama nilivyoalikwa mimi, kupeleka pendekezo la jumba la Bibi Sajjankunwar Bhandari, analotaka kuligeuza bweni. Vyumba tisa, wasichana thelathini na sita, wanne kila chumba, wote wametoka vijijini na miji midogo kuja kusoma chuo hapa. Kamati inapokea mapendekezo Jumatatu, tarehe 15 Februari.

Sikuombi hisani. Nataka tubadilishane. Wewe umeruhusiwa kuingia jumba lile nusu saa tu, na mlinzi nyuma yako. Mimi nililipima lote mwaka 1981, kila ukuta na kila dirisha, kabla kina Bhandari hawajagombana na kulifunga. Ninavyo vipimo vyote. Nitakupa nakala. Nawe utaniandikia unayoyaona Mumbai, kwa uaminifu. Baada ya hapo kila mtu achore lake, kamati ichague.

Ninachokitafuta ni hiki. Binti wa miaka kumi na saba analala chumba kimoja na watatu asiowajua. Mlango wake uko wapi? Nitafutie mlango huo. Si wa mbao wala si wa matofali, chumba hakina nafasi.

Usinishangae kutumia mashine ya chapa. Mguu ukiwa juu ya mito mitatu, mkono haufiki mezani sawasawa.

Kumudini Kirtane


Bhendi Bazaar, Mumbai, 1 Februari 1999

Bi Kirtane,

Vipimo vilifika kabla treni haijaondoka. Nashukuru. Nilicheka, kwa kuwa umeniruhusu. Mume wangu Murtaza alinikanya, akasema si uungwana kumcheka mgonjwa, kisha akaenda nyuma ya duka lake, kwenye makopo ya rangi, na huko nikamsikia akicheka peke yake.

Nimefikia kwa khala yangu, dada ya mama. Unitumie barua hapa.

Maonyesho yamefunguliwa leo. Mwaka huu ni makubwa kuliko yote, mabanda mia nne na zaidi. Ukumbi wa kwanza ni makochi kutoka Italia, ya ngozi nyeupe, ya ngozi ya rangi ya maziwa, ya ngozi ya rangi ya chai yenye maziwa. Kuna moja lina umbo la mdomo wa mwanamke. Watu walipanga foleni kulikalia. Ukumbi wa pili ni marumaru, na kijana wa hapo ana taa mkononi, anaipitisha nyuma ya jiwe ili uone linavyong'aa, huku akikuuliza nyumba yako ina ukubwa gani. Ukumbi wa tatu ni majiko. Jiko moja lina droo inayojifunga yenyewe polepole. Nimeifungua mara saba, hadi mwenye banda akaniuliza kama nina nia ya kununua au ya kuiharibu.

Makochi yale ni mazuri sana. Mishono yake imenyooka, miguu yake ni ya chuma kilichosuguliwa, na kuna moja la watu watano ambalo mgongo wake unashuka likawa kitanda.

Mlango uliouulizia sijauona.

Insiyah Rangwala


Indore, 3 Februari 1999

Insiyah,

Unadanganya.

Umejaza nusu ya barua kwa makochi ya Kiitaliano. Uliponifanyia kazi miaka tisa, hukuwahi kuniandikia hata mstari mmoja kuhusu kochi. Mteja akitaka kochi, ulikuwa unasema unaumwa kichwa. Mtu kama wewe akianza kusifia miguu ya chuma iliyosuguliwa, ujue ameona kitu kingine na amekaa juu yake kama kuku.

Vipimo vyangu ni vya kweli, hata unene wa plasta nimekuandikia. Sasa nipe changu.

Na usinihurumie. Mguu unauma kidogo. Kinachoniuma zaidi ni dada yangu aliyetoka Dewas kuja kuniuguza. Ananipikia uji wa dengu mara mbili kwa siku na kunisomea horoskopu za gazetini.

K. Kirtane


Mumbai, 5 Februari 1999

Bi Kirtane,

Sawa. Nilidanganya, na sijutii sana. Ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo.

Nyuma ya ukumbi wa sita, karibu na vyoo, pale wanapowabandika watu wa serikali za majimbo ya mbali, kuna banda la mume na mke kutoka Tripura. Mume ni Bishwamoni Debbarma, mke ni Sabita. Bango lao limeanguka upande mmoja na hakuna aliyejishughulisha kulinyanyua. Nilifika pale nikitafuta choo.

Walikuwa wametundika kiambaza cha mianzi. Nimeona mapazia ya mianzi maishani, na wewe umeyaona, yale ya verandani yanayopasuka baada ya mvua mbili. Hiki si hicho. Vijiti vyake vimechanwa vyembamba kama sindano za kufumia, vimefungwa kwa uzi wa pamba, na kiambaza kizima kinakunjika kama shati. Kinateleza kwenye waya mmoja tu uliokazwa juu. Nikauliza bei.

Sabita akaniambia, "Dada, wanaouliza bei kabla ya kugusa huwa hawanunui."

Nikagusa. Akapita upande wa pili, akakivuta kikafunga, akasema, "Unaniona?"

"Sikuoni."

"Mimi nakuona. Umevaa rida ya kijani, joho na ushungi wake, na umechoka, na viatu vinakubana."

Kweli vilikuwa vinabana. Nilikaa kwenye kigoda chao saa nzima. Mumewe alinipa chai. Inaonekana kazi ya kusema ni ya mke. Kijiji chao kina familia kumi na moja zinazofuma hivi. Tangu Jumatatu wamezungumza na wateja watatu, na wawili kati yao walikuwa wanauliza choo.

Huo ndio mlango wako. Niliuona siku ya kwanza. Nakutumia kipande kwa basi la usiku, kikubwa kama kitabu. Umepata haki yako, na kuanzia sasa kila mtu na penseli yake.

Insiyah


Indore, 7 Februari 1999

Insiyah,

Kipande kimefika. Nimekishika asubuhi yote. Dada yangu alifikiri ni mkeka wa kuwekea sufuria.

Kazi nzuri mno. Lakini ulimtazama mwanamke yule mchana, yeye akiwa kwenye kivuli na wewe kwenye mwanga. Nimefunga madirisha, nikawasha taa ya mezani, nikamwambia dada yangu akae nyuma ya kipande na taa. Nilimwona mpaka hereni. Binti akisoma huku taa inawaka, chumba kizima kitamwona anapobadili nguo. Mambo yanageuka, umeelewa?

Dawa yake ni hii. Kuanzia chini mpaka juu kidogo ya kichwa cha mtu aliyesimama kando ya kitanda, kifumwe mara mbili, tabaka juu ya tabaka. Juu ya hapo kibaki chepesi, hewa ipite. Waulize pia mianzi wanailowekaje, maana dumuzi wa Indore wanakula hata rula.

Najua tulikubaliana kila mtu na penseli yake. Nimeshindwa kunyamaza.

K.K.


Mumbai, 10 Februari 1999

Bi Kirtane,

Murtaza amenipigia jana jioni. Ananiambia kamati imeshakutana. Jana, Jumanne. Ananiambia ulifika kwa bajaji, mguu umetokeza nje kama mlingoti, ukakabidhi pendekezo la jumba la Bhandari, na ndani yake mna viambaza vya mianzi vinavyoteleza kwenye waya.

Sikuamini. Nikamwambia arudie. Akarudia.

Kwa hiyo ni ngazi ya daktari tena. Umesahau? Mimi sijasahau. Niliichora wiki tatu, ngazi ile, inayozunguka mti wa mwarobaini bila kuukata. Nilikuwa nimekaa pembeni yako ulipoikunjua mbele ya mteja wetu, Daktari Sahasrabuddhe, ukasema, "Nimechora ngazi." Nimechora! Nilingoja useme jina langu. Ukaomba chai. Mwezi uleule nikahama nikafungua ofisi yangu, na watu wote wakasema Insiyah hana shukrani, amelishwa kwa mkono akaung'ata, nami nikanyamaza, kwa sababu ulinifundisha kazi.

Safari hii sinyamazi. Nikirudi nitakwenda kwa Bibi Sajjankunwar na barua zako zote mkononi. Umeniandikia kwa mashine, na jina lako umeliweka chini. Ushahidi ni wako mwenyewe.

Na sina haja ya kukuficha tena. Sikuja Mumbai kwa maonyesho tu. Kuna kampuni kubwa hapa, wanajenga nyumba za ghorofa, wananitaka. Tangu Jumamosi niko kwenye nyumba yao ya wageni kule Worli, na ni Murtaza peke yake niliyemwambia, nikamwapisha asimwambie mtu. Nilikuwa bado natafakari. Umenisaidia kuamua. Mji wenye mtu kama wewe mkabala na dirisha langu sina sababu ya kuurudia.

Insiyah Rangwala


Indore, 12 Februari 1999

Insiyah,

Barua niliyokutumia Jumatatu asubuhi kukujulisha habari za kikao iko wapi? Nenda kwa khala yako ukaiulize. Nimemsikia kwenye simu, hasikii vizuri, nilipiga kelele "Jumanne! Jumanne!" naye akanijibu kwamba Jumanne hawali nyama kwa sababu ya daktari.

Sasa nisikilize. Jumatatu saa mbili asubuhi kamati ilinipigia. Bibi Sajjankunwar anaenda kufanyiwa upasuaji wa macho, wamevuta kikao mbele, mapendekezo yote yafike Jumanne saa tisa, asiyefika basi. Nikauliza, Rangwala je? Wakasema, ofisini kwake hakuna anayejua alipo.

Nilikwenda dukani kwa mumeo mara mbili. Nikamwambia ni jambo la kazi, nataka kujua mkeo yuko wapi. Akatazama makopo ya rangi, masikio yakamwiva, akasema hajui. Yule bwana hajaumbwa kudanganya, unamtesa bure. Ningemwambia ni kikao, angesema. Sikumwambia. Sikutaka mwanamume wa duka la rangi ajue kwamba Kumudini Kirtane anamhangaikia mshindani wake. Hilo ni kosa langu, na sina la kulipunguza.

Basi nikavuka barabara, nikaingia ofisini kwako. Ndiyo, niliingia. Mchoraji wako Gajanan alikuwa wangu kabla hajawa wako. Aliponiona alisimama kama mtoto wa shule. Nikamwambia, "Kaa, tuna siku moja." Alichora kutwa nzima, na mimi nikisema. Viambaza, waya, ufumaji wa tabaka mbili, kabati zinazopanda ukutani ili vitanda visigusane. Pendekezo lilifika saa nane na dakika hamsini. Limeandikwa juu: Kirtane na Rangwala. Ukurasa wa pili unasema viambaza vimeonwa na kuchaguliwa na Insiyah Rangwala. Murtaza hakuusoma ukurasa wa pili. Aliuona mchoro mikononi mwangu pale nje akaenda kukupigia.

Utaniuliza kwa nini Gajanan achore, mkono wangu wa kulia ukiwa hauna plasta.

Mkono wangu unatetemeka, Insiyah. Mwaka wa pili huu. Daktari ana jina refu la ugonjwa wenyewe, na anasema hautaniua, utanisumbua tu. Mstari ulionyooka siwezi tena. Jina langu naliandika hivi kama unavyoliona hapo chini, kama mdudu aliyetoka kwenye wino. Sakafu ya ofisini haikuwa na kosa. Ulikuwa ni mguu, ulitetemeka nikashuka. Niliisingizia sakafu nzuri kwa watu wa mji mzima, kwa kuwa ilikuwa rahisi wacheke kuliko wanihurumie. Miezi minane nimekataa kazi nikisema nina nyingi.

Na ngazi ya daktari uliichora wewe. Nilisema "nimechora." Nililisikia neno likitoka, na nilikuwa na nafasi ya kulirekebisha kabla ya chai kuja, na baada ya chai, na kwa miaka sita. Sina sababu nzuri. Ilikuwa ngazi bora kuliko yoyote niliyowahi kuichora mimi, na hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Kamati itatoa jibu Jumatatu. Ukitaka jina lako litoke, nipigie, nitalitoa na langu pia. Ukitaka Mumbai, nenda. Una uwezo wa kufanya kazi popote. Lakini usiende kwa sababu yangu, maana mimi ni mzee na naudhi watu wengi, na hakuna aliyewahi kuhama mji.

Kumudini


Mumbai, 14 Februari 1999

Bi Kirtane,

Barua ya Jumatatu nimeipata. Khala aliiweka chini ya cherehani, bado imefungwa. Nimeisoma mara mbili, halafu nikamsomea khala kwa sauti ya juu. Amesema, "Mwanamke huyu anapiga kelele hata kwenye karatasi."

Jana nilikwenda kwenye ile kampuni. Ofisi iko ghorofa ya kumi na nne. Meneja ni mtu mwenye adabu, alinipa kitabu cha picha na kalamu. Nyumba mia mbili na arobaini, zote sawasawa. Kazi yangu ni kuchagua kutoka kitabuni, kochi namba fulani, pazia namba fulani. Nikamuuliza, "Watu watakaoishi humo nitakutana nao lini?" Akacheka kwa upole akasema, "Bibi, hao hatuna haja ya kukutana nao." Hakuwa mtu mbaya. Kazi hiyo kuna watu wataifanya vizuri. Nilimrudishia kalamu.

Kwa hiyo narudi, na si kwa ajili yako.

Kuhusu mkono wako, nimechana karatasi mbili. Nitasema hivi: Gajanan anakuogopa wewe kuliko mimi, kwa hiyo wewe sema, yeye achore, mimi nikague. Jina libaki kama ulivyoliandika. Kirtane kwanza, kwa sababu alfabeti ndivyo inavyotaka, usidhani ni heshima.

Kuhusu ngazi, sijakusamehe. Msamaha wa kwenye karatasi siutaki. Plasta ikitoka, nenda kwa Daktari Sahasrabuddhe, ipande ile ngazi, umwambie mwenyewe kwa mdomo wako nani aliichora. Kisha unieleze alivyokujibu.

Insiyah


Agartala, Tripura, 6 Mei 1999

Dada Kumudini,

Sabita anakusalimu. Nimempa ile barua yako ya dumuzi nikamtafsiria, akasema, "Huyo mama yako wa Indore anafikiri sisi tumeanza kufuma jana?" Mianzi wanailoweka mtoni wiki tatu, halafu moshi siku tano. Ila ule ufumaji wa tabaka mbili aliukubali. Alijaribu mwenyewe, akamwita jirani aje aone. Najua umefurahi kusikia, kwa hiyo sitaandika zaidi.

Tangu kamati ituchague, familia kumi na moja zote zina kazi, na nyingine mbili zimejiunga. Viambaza kumi na viwili vimekwisha. Vinne vya mfano nilivyotuma mwezi uliopita vitundike chumba cha kwanza kabla hao wasichana wanne wa masomo ya awali, wanaowatangulia wenzao, hawajaingia, unieleze. Waya ukazwe kwa skrubu, si kwa misumari. Fundi akisema misumari inatosha, mwonyeshe gongo lako.

Murtaza anasema unakunywa chai dukani kwake kila siku na umembadilishia mpangilio wa makopo yote.

Insiyah


Indore, 14 Mei 1999

Insiyah,

Makopo yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa. Duka la rangi, na rangi hazionekani! Mauzo yamepanda, muulize.

Kwanza deni unalonidai. Nilikwenda kwa Daktari Sahasrabuddhe Jumapili. Nilipanda ngazi yako na gongo, vidato kumi na tisa, na sikupumzika njiani, kwa sababu ulikiweka kila kidato mahali ambapo mguu wenyewe unakitaka. Mwarobaini umekua, tawi moja limeingia ndani ya ngazi na hawajalikata. Nikamwambia, "Daktari, ngazi hii aliichora Insiyah Rangwala. Nilikuambia uongo."

Akamimina chai. Akasema, "Nilijua siku ileile."

"Ulijuaje?"

"Kumudini, wewe umenipambia nyumba mbili. Hujawahi kuchora kitu kinachouonea mti huruma."

Kisha akaniuliza kwa nini nimechukua miaka sita kwa jambo la dakika moja. Nikamaliza chai yangu nikashuka.

La pili. Wasichana wanne wameingia chumba cha mfano. Watatu wamependa viambaza mpaka wamevifungia shanga. Wa nne anaitwa Jhamku Bhuria, ametoka kijijini upande wa Jhabua, ni wa kwanza kwao kufika chuo. Asubuhi moja nilikuta kiambaza chake amekivua kwenye waya, amekiviringisha, amekiweka chini ya kitanda. Nilikaa naye saa nzima. Nikamweleza mwanga, tabaka mbili, hewa, faragha, kila kitu. Alinisikiliza kwa heshima zote, mikono magotini. Nilipomaliza akasema, "Shangazi, nimeelewa. Lakini nikikifunga, nitajuaje kama upande wa pili kuna mtu?"

Nikamwambia, "Si utamsikia?"

"Nyumbani tunalala tisa. Kusikia tu hakunipi usingizi."

Nimekaa na swali hilo siku tatu. Mimi na wewe tulimtafutia binti mlango, na hakuna kati yetu aliyeuliza kama atataka kuwa nyuma yake peke yake. Kirtane na Rangwala, miaka arobaini ya kazi kati yetu! Simamisha ufumaji. Fikiri.

Kumudini


Agartala, 21 Mei 1999

Dada,

Nimesimamisha. Sabita alikasirika kwa muda wa chai moja, halafu nikamweleza kuhusu Jhamku, akasema, "Huyo binti ana akili kuliko nyinyi wawili. Mimi mwenyewe nililia wiki nzima nilipoolewa na mtu mwenye nyumba ya vyumba."

Tumefanya hivi, usome mpaka mwisho kabla ya kubisha. Kila kiambaza tunakigawa vipande viwili, cha kichwani na cha miguuni, kila kimoja kinateleza peke yake. Cha kichwani kinakunjwa kutoka upande wowote, na kina kitanzi cha kamba pande zote mbili. Wasichana wawili waliolala jirani wakitaka, wanafungua kwa kichwani tu, wanaonana nyuso, na chumba kingine hakiwaoni. Mmoja akitaka kufunga, anafunga. Hakuna anayehitaji kuniuliza mimi wala wewe. Vile kumi na viwili tutavikata na kuvifuma upya kingo. Ni siku nane za kazi, na nimewaambia wafumaji siku hizo zinalipwa.

Mwambie Jhamku kimoja kinamjia kwanza, kabla ya vyote. Akikikataa na hicho, aniandikie mwenyewe anachotaka, nitakaa huku mpaka nikipate.

Nimesoma habari za daktari. Nimeisoma mara kadhaa. Basi, yameisha.

Insiyah


Indore, 4 Julai 1999

Insiyah,

Najua umo njiani kurudi na barua hii itakukuta Calcutta kwa jamaa zako, lakini siwezi kungoja siku tatu kukueleza.

Wameingia wote. Thelathini na sita, na masanduku ya bati, na mama zao, na baba mmoja aliyelia kuliko binti yake. Bibi Sajjankunwar, kwa macho yake mapya, alizunguka vyumba vyote tisa akivuta kila kiambaza, fungua, funga, fungua, funga, kama wewe na ile droo ya jiko. Mjumbe mmoja wa kamati akaniuliza mbele za watu, "Wazo hili la vipande viwili ni la kwako, Bi Kirtane?" Nikamwambia, "Ni la msichana wa chumba cha kwanza. Kufuma ni kwa Sabita Debbarma. Kuona ni kwa Insiyah Rangwala. Mimi nilipiga kelele." Akaandika yote kwenye daftari lake, hata kelele.

Leo asubuhi nilikwenda mapema, kabla ya kifungua kinywa, kukagua waya. Nilifika chumba cha kwanza, mlango uko wazi. Kitanda cha Jhamku na cha jirani yake, kiambaza cha kichwani kimekunjwa, wawili hao wamelala wametazamana na kitabu kimeanguka katikati. Upande wa dirishani kuna kingine kimefungwa chote, juu mpaka chini, na nyuma yake mtu anasoma somo lake kwa sauti ndogo, anakosea, anaanza upya, anakosea tena palepale.

Unajua mimi naingia nyumba yoyote niliyoipamba kama vile ni yangu bado. Mkono ulishafika kwenye kiambaza, nimrekebishie lile neno. Nikaurudisha. Nikatoka taratibu na gongo langu, nikaenda kukaa uani mpaka kengele ilipolia.

Kumudini